Kibao cha Kiranja

Jumamosi asubuhi, soko kuu la Singida, belo la mitumba lilipasuliwa na watu wakalivamia. Mwaka 1995 nguo za nje zilikuwa zimeingia kwa fujo, na kila karani alitaka kupendeza. Fabiano akakamata koti la kijivu. Mkono mwingine ukakamata koti hilohilo.

"Kaka, achia! Nimeliona mimi."

"Ni la kiume hili, dada."

"Kwani nimesema nalivaa? Nauza!"

Akacheka, gauni lake la maua likimkaa vizuri, kitambaa chekundu kichwani. Fabiano akamtambua. Alikuwa Dorkas wa Ilongero, binti ambaye miaka minane nyuma Fabiano alimtesa mpaka binti akafukuzwa shule.

Dorkas alipomuuliza jina, akajibu, "Fabi." Shuleni walimwita Kiranja.

Shule ile ya bweni ilikuwa ya watoto wa wakubwa. Aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, na aliyekutwa nacho kwenye paredi ya jioni alichapwa. Kiranja alichagua wa kumvisha, na Fabiano kila mara alimchagua Dorkas, aliyesomeshwa pale na misheni. Siku alipoletewa habari kwamba mama yake amefariki, binti akalia kwa Kinyaturu, na Fabiano akamvisha kibao. Dorkas akakivunja vipande viwili. Kesho yake akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Mtu wa namna hiyo, hata aibu hakuona, akampenda. Na akapendwa! Kila saa saba mchana simu ya ofisini ililia.

"Fabi wangu, umekula?"

"Bado, mpenzi. Nakusubiri wewe."

"Muongo! Nasikia unatafuna."

Wakishacheka na kuagana, chakula kilimshinda Fabiano, maana hakuwa amemwambia yeye ni nani.

Siku moja Dorkas akamwambia, "Jumapili twende ukamwone baba. Tangu nifukuzwe shule hanisemeshi, ni salamu tu. Labda akiona mchumba atalainika."

Tangu hapo Fabiano, akiogopa siri yake kufichuka, hakupokea simu. "Mwambie nimesafiri," alimwagiza katibu muhtasi, wiki mbili mfululizo. Dorkas akaja ofisini mwenyewe, kavimba kwa hasira.

"Mwanamke gani huyo?"

"Hakuna mwanamke. Dorkas, mimi ndiye yule kiranja."

"Najua. Nilikujua siku ileile ya koti."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka nione utanificha mpaka lini, halafu nikuaibishe sokoni watu wakiona. Nikakupenda katikati, ndilo kosa langu."

"Nisamehe. Nilikuwa mtoto, nilitaka tu uniangalie."

"Usiniletee hizo, Fabi. Mama yangu alikuwa hajazikwa." Akajifuta machozi. "Kama unanitaka, kamwambie baba. Yote."

Jumapili wakamkuta Mzee Yeremia anarekebisha zizi. Fabiano akapiga goti, akatoa shikamoo, akaeleza kila kitu bila kujitetea. Mzee akaacha kupigilia msumari, nyundo mkononi.

"Miaka minane," akasema hatimaye. "Nilimwambia amemtia aibu marehemu mama yake. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtoto wangu."

"Nisamehe, baba. Nimekuja pia kuomba kumuoa."

"Hayo utarudi na wazee wako, kama yeye bado anakutaka. Leo nenda."

Fabiano akamtazama Dorkas. Dorkas hakumtazama, alikuwa anamtazama baba yake, aliyeweka nyundo chini na kuvuta kigoda cha pili.

"Dorkas, mwanangu," mzee akasema, "njoo ukae hapa na mimi. Niambie ilikuwaje siku ile."