Kitabu Chekundu na Kibao cha Shangazi

Kila siku baada ya shule, Chapuchapu alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Kilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la fundi cherehani na duka la miwani, chenye meza ndefu iliyojaa makovu ya visu, jiliwa la mbao la kubania vitabu, na harufu ya gundi iliyompokea mtu tangu mlangoni. Baba yake alikuwa fundi wa vitabu. Vitabu vilivyochanika mgongo, vilivyolowa maji, vilivyotafunwa na panya, vyote viliingia humo vikiwa hoi na kutoka vikiwa vimesimama wima.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kukata nyuzi na kufagia vipande vya karatasi. Aliifanya haraka, kama alivyofanya kila kitu, ndiyo maana hata mwalimu wake wa darasa alikuwa amelisahau jina lake halisi. Jambo moja tu la baba yake lilimchosha kulitazama. Kabla ya kushona kitabu chochote, alikikagua ukurasa kwa ukurasa, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, midomo ikicheza kimyakimya.

"Baba, si ni kitabu kilekile kilichoingia jana?" aliuliza siku moja. "Kurasa zitakwenda wapi?"

"Sijui zitakwenda wapi," alijibu Baba bila kuinua macho. "Ndiyo maana natazama."

Jumatano moja mchana, Shangazi aliingia karakanani akiburuta sanduku kubwa, na begani amening'iniza mizani ya kupimia watoto wachanga. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, na kazi ya ukunga alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wameshikwa kwanza na mikono yake, Chapuchapu akiwemo. Sasa alikuwa amepata kazi ya miaka miwili katika hospitali kubwa ya nchi ya mbali, na ndege yake ilikuwa Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mama. Nisaidie kulitundika hili."

Waliitundika mizani kwenye ndoano ya dari, kisha Baba na Shangazi wakalinyanyua sanduku. Mshale ukazunguka mbio, ukagota mwisho.

"Mizani imemkataa mtoto," alisema Baba. "Dada, huyu umemlisha nini?"

"Vitabu."

Alikuwa na vitabu kumi na vinne, na vyote pamoja vilikuwa na kilo tisa. Vilipotolewa, sanduku likabaki na kilo ishirini na mbili na nusu. Shirika la ndege lilikuwa limeruhusu ishirini na tatu. Shangazi alivitazama vile vitabu vilivyopangwa mezani, akashusha pumzi, kisha akatoa mkobani kifaa chembamba cheusi, kipana kama kiganja cha mtu mzima. Wenzake wa kituo cha afya walikuwa wamemzawadia siku ya kumuaga. Kilikuwa kifaa cha kusomea vitabu, na yeye alikiita kibao.

"Humu wanasema linaingia kabati zima," alisema. "Herufi unazikuza utakavyo. Kina mwanga wake, na chaji inakaa wiki tatu."

"Na kikianguka?" aliuliza Baba.

"Nawe ukianguka je, mdogo wangu? Tukuache nyumbani?"

Baba akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kulala juu ya kitabu kimoja kinene chenye jalada jekundu lililopauka. Kilikuwa kitabu cha ukunga, cha Kiswahili, kilichochapwa zamani, na pembeni mwa kila ukurasa kulijaa mwandiko mdogo wa Shangazi: siku alizohangaika, dalili alizozijua kwa kuziona, mambo ambayo mwandishi hakuyataja.

"Hiki nacho unakiacha?"

"Peke yake kina kilo moja na nusu," alisema Shangazi. "Wiki ya pili tu nikifika nafanya mtihani wa kazi, kwa lugha yao. Nikishindwa, narudi nyumbani na sanduku langu. Na mimi jambo gumu nalielewa kwanza kwa lugha yangu, ndipo nalihamisha. Kwa hiyo lazima nikisome tena. Kama kimo kwenye kibao, hiki cha karatasi utakishona upya, nimwachie yule mkunga mdogo anayeshika nafasi yangu."

Akamgeukia Chapuchapu na kumpa kibao pamoja na orodha ya vitabu vyote kumi na vinne.

"Wewe mambo ya mtandao unayajua kuliko sisi. Niwekee hivi vyote. Na kila kimoja ukifungue mpaka ukurasa wa mwisho, mama. Kule sitakuwa na wa kumuuliza."

"Tayari, Shangazi. Yaani, nitafanya."

Jioni hiyohiyo, kwa mtandao wa simu ya Baba, Chapuchapu alitafuta, akabonyeza, akatafuta tena. Majalada yakawa yanatokea kiooni moja baada ya jingine, mazuri, yamepangwa kama vigae. La mwisho lilikuwa lile jekundu. Kazi nzima ilimchukua chini ya saa moja. Alijisikia bingwa.

Alhamisi mchana Shangazi alimkuta karakanani.

"Vimo?"

"Vyote kumi na vinne."

"Umevifungua mpaka mwisho?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lilitoka kabla hajalipima. "Nimevifungua."

Shangazi alimshika kidevu, akatabasamu. "Huyu ndiye mtoto." Kisha akamsogezea Baba kile kitabu chekundu. "Basi kifumue. Kesho jioni mwenzangu atakifuata." Kibao akamwachia Chapuchapu akijazie chaji.

Aliporudi nyumbani, rafiki yake wa nyumba ya pili, aliyeitwa Kipaza kwa sababu hakuwahi kunong'ona maishani mwake, alikuja kukiona kibao. Chapuchapu alitaka kumwonyesha michoro ya kitabu cha ukunga. Akakifungua, akapeleka kurasa mbele. Kumi. Ishirini. Ukurasa wa ishirini na nne ukatokea na maneno machache katikati: *Umefika mwisho wa kurasa za kuonjesha. Kitabu kamili kinapatikana kwa karatasi tu.*

Alirudi nyuma, akaja mbele tena. Maneno yakawa yaleyale. Alifungua vile vingine kumi na vitatu, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho. Vyote vilikuwa kamili. Kasoro ilikuwa kwenye kimoja tu, kile ambacho Shangazi asingeweza kusafiri bila kuwa nacho.

"Kwani atajuaje leo?" alisema Kipaza kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini. "Akifika huko atadhani kimeharibika njiani. Vifaa huharibika."

"Na mtihani?"

"Shangazi yako si ana miaka ishirini na ngapi sijui kwenye kazi hii? Atafaulu tu."

Chapuchapu alikizima kibao. Chakula cha jioni alikiacha sahanini, na Mama alipomuuliza kulikoni, alisema amechoka. Ijumaa darasani alinakili ubao mzima bila kuelewa neno. Kila alipofumba macho aliliona jalada jekundu likikatwa, kitabu kikikabidhiwa mtu mwingine, na Shangazi ameketi katika chumba cha ugenini akipeleka kurasa mbele: ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne.

Saa nane alifika karakanani akihema. Jalada jekundu lilikuwa limekwisha kung'olewa na lilikuwa pembeni mwa meza. Kitabu chenyewe kilikuwa uchi, mgongo wake ukionyesha vifurushi vya karatasi vilivyoshonwa kimoja juu ya kingine. Shangazi alikuwa ameketi kwenye stuli akinywa chai.

"Namwambia baba yako," alisema, "jana nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Kwa sababu yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza.

"Shangazi, sikuvifungua," alisema Chapuchapu. "Niliona majalada nikadhani basi. Chekundu kina kurasa ishirini na nne tu. Kamili hakipo kwenye mtandao, kipo cha karatasi peke yake. Nilikudanganya."

Shangazi aliweka kikombe chini taratibu. Mlio wa cherehani ya jirani ukasikika, ukanyamaza, ukasikika tena.

"Umejua lini?"

"Jana jioni."

"Na ukalala nalo."

"Nililala nalo. Sikulala."

Baba alikuwa amesimama na kisu mkononi. Chapuchapu alisubiri kugombezwa. Badala yake Baba alitazama saa ya ukutani, kisha kitabu, kisha sanduku.

"Dada, mtihani wako ni wa kitabu kizima?"

"Sehemu ya tatu na ya nne ndizo zinazonitisha," alisema Shangazi. "Uchungu wa kuzaa na hatari zake. Nyingine naweza kuzisema nikiwa usingizini."

"Nusu kilo ndiyo iliyobaki sandukuni. Kitabu cha kushonwa kina heri yake: unaweza kukigawa bila kukijeruhi." Alipitisha kidole kwenye mgongo wa kitabu, akatafuta mahali, akakata uzi kwa ncha ya kisu. Kitabu kikaachana kwa utulivu, kana kwamba kilikuwa kikingoja kuombwa. "Jana ningekivika kitambaa kizuri. Leo gundi ya kitambaa haitakauka. Utapata karatasi ngumu tu."

Chapuchapu alielewa hilo lilikuwa kosa la nani. Aliinamisha kichwa.

"Usikae hivyo," alisema Baba. "Kagua."

Alimpa zile sehemu mbili. Chapuchapu aliketi sakafuni, akaanza kuhesabu, midomo ikicheza. Hakuruka. Mara mbili alichanganyikiwa na kurudi mwanzo. Kando ya kurasa aliuona mwandiko wa Shangazi: *Hapa usiharakishe. Msikilize mama kwanza.* Akaendelea. Mia mbili na tisa, mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na tatu.

Alisimama.

"Baba, mia mbili na kumi na moja haipo."

Waliitafuta chini ya meza, ndani ya jiliwa, kwenye takataka. Hatimaye Chapuchapu alilichukua lile jalada jekundu na kuligeuza. Karatasi moja iliyowahi kuchomoka miaka mingi iliyopita ilikuwa imeganda ndani yake kwa gundi kuukuu. Shangazi aliipokea kwa vidole viwili, akaisoma.

"Kutoka damu baada ya kujifungua," alisema. "Miaka minane nimekuwa nikiitafuta karatasi hii."

Saa mbili zilizofuata Chapuchapu hakuona haja ya kuwa popote pengine. Alimtazama baba yake akirudisha ukurasa ule mahali pake kwa ukanda mwembamba wa karatasi, akapitisha uzi uliopakwa nta, sindano ikiingia na kutoka bila kukosea tundu hata moja. Alipaka gundi kwa brashi kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akakibana kitabu, akaketi kukilinda. Alikuwa amemwona akifanya hivyo mara mia, na leo ndiyo mara ya kwanza alipomwona kweli.

Saa kumi na moja yule mkunga mdogo alifika. Shangazi alimweleza ukweli wote bila kumtaja aliyekosea. Binti yule hakununa. "Sehemu hizo mbili ninazo kwenye madaftari ya chuo," alisema. "Mwandiko wako kwenye hizi nyingine ndio nilioutaka." Kisha wakalitundika sanduku. Mshale ulitikisika, ukatulia kwenye kilo ishirini na mbili na gramu mia tisa.

"Mtoto ana afya," alisema Shangazi, akalifunga.

Wiki tatu zilipita. Jumanne moja simu ya Baba ililia ujumbe, naye akausoma kwa sauti mbele ya meza.

Shangazi alikuwa amefaulu. Kibao, aliandika, kilikuwa rafiki wa kweli: kwenye treni alikisoma kwa mkono mmoja amesimama, na upweke ulipomzidi alikuwa na hadithi kumi na tatu za kuchagua. Lakini wodini wafanyakazi hawaruhusiwi kutumia vifaa vyao vya kielektroniki, na humo kile kitabu chembamba hukaa kwenye mfuko wa sare yake, kimepata doa la chai na maandishi mapya pembeni. *Msiniulize kipi ni bora,* ujumbe ulisema. *Kila kimoja kina mahali pake. Kinachonifaa ni kile kilichokaguliwa kabla sijaondoka. Mwambieni Chapuchapu, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja umeulizwa kwenye mtihani.*

Baba aliweka simu chini.

"Umesikia? Siku ile ungesema 'bado', hakuna ambaye angekufukuza. Tungekusubiri. Mtu akitegemea neno lako, 'tayari' ya uongo inamuumiza kuliko kuchelewa. Na uliporudi kusema kweli, ulirudisha kila kitu mahali pake. Hilo nalo sijalisahau."

Akamsogezea kitabu kikuukuu cha hesabu, kilichofumuliwa, chenye kurasa zilizokunjamana. Chapuchapu akavuta stuli.

Kipaza alipita mlangoni na mpira kwapani. "Chapuchapu, twende. Umemaliza?" Mwenye duka la miwani alichungulia kuona nani anapiga kelele.

"Bado," alijibu Chapuchapu, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa tisini. "Nisubiri."