Bwana Harusi wa Fremu

"We Ugo, njoo ucheke na mimi. Bwana harusi ni picha."

Rafiki yake Nkoli alikuwa amepiga simu ya video kutoka Enugu, Nigeria, kilemba kimemwendea upande, nyuma yake ngoma zinarindima. Ugonma alikuwa kitandani chumbani kwake Hull, soksi mbili mbili miguuni, kompyuta mapajani. Ilikuwa Jumamosi mchana, na manyunyu ya mji ule hayakuwa yameacha tangu asubuhi.

"Picha vipi?"

"Mwenyewe yuko huko huko Uingereza kwenu, ati anasoma. Hakupata nafasi ya kuja. Basi wamekalisha fremu yake kwenye kiti, na kofia wameivisha. Yaani mbavu sina. Bibi harusi ni Olaedo, binti mmoja wa kwaya yetu. Ngoja nisogee uone, ndiyo anapeleka kikombe."

Ugonma akatabasamu. Mambo ya kikombe aliyajua tangu utotoni. Bibi harusi hupewa pombe ya mnazi na baba yake, akazunguka nayo katikati ya watu akimtafuta bwana wake, akimpata anapiga magoti anampa. Bwana akinywa, yameisha, ni mke na mume. Na bwana akiwa mbali, ndugu yake humnywea. Kwa watu wa ughaibuni waliofungwa miguu na nauli na viza, hayo yalikuwa ya kawaida kabisa.

Nkoli akapenya hadi mbele. Msichana mwembamba mwenye shanga kichwani alikuwa amepiga magoti, kikombe mikononi, macho chini kwa haya. Mbele yake palikuwa na kiti chekundu, juu ya kiti fremu kubwa ya dhahabu, na ndani ya fremu alikuwamo Obiajulu.

Obiajulu wake yeye. Yule aliyekuwa chini jikoni wakati huo huo anakaanga ndizi.

Kwanza alijiambia watu hufanana. Duniani wawili wawili. Kisha simu ikasogea, akaona bega la kulia la ile picha. Juu ya kitambaa chenye vichwa vya simba palikuwa na vidole vinne vya mtu, kucha za zambarau. Ugonma akautazama mkono wake uliokuwa juu ya kompyuta. Vidole alivijua, ni vyake.

Picha ile aliipiga yeye, siku ya Pasaka, kwenye bustani ya nyuma ya maktaba ya chuo. Nguo aliipiga pasi yeye. Simu akaiegemeza kwenye benchi, akaipa muda, akakimbia kumkumbatia Obi kabla haijabofya.

"Hii namtumia mama," Obi alimwambia siku ile. "Ataitundika sebuleni, aanze kukuzoea."

Wiki nzima Ugonma akawa anauliza mama kasemaje, na Obi akawa anajibu, "Kasema umependeza."

"Ugo? Mbona kimya, mtandao?" Nkoli akaita.

"Bwana harusi anaitwa nani?"

"Obiajulu, mtu wa Nsukka. Unamjua?"

Nkoli hakuwahi kumwona wala kutajiwa jina lake. Obi ndiye aliyetaka hivyo. Wasijianike mitandaoni, alisema, watu wana macho mabaya, wangoje mambo yakae sawa. Ugonma akamsikiliza, maana ukimpenda mtu hata hofu zake unazifuga.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Kompyuta ilikuwa bado wazi mapajani. Maombi ya viza yalikuwa yamejazwa mpaka mwisho, yanangoja Jumatatu. Hospitali moja pale mjini ilikuwa imemwajiri Ugonma na kukubali kumdhamini. Obi yeye tasnifu ilikuwa imemshinda mara mbili, chuo kimemfungia mlango, na viza yake ilikuwa inaisha Juni. Mlango pekee uliobaki ni Ugonma: amwandike kama mwenza wake, mtu aliyekaa naye miaka miwili nyumba moja. Jina la Obi lilikuwa pale kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Akashuka ngazi. Jikoni, Linh, msichana wa Vietnam wa chumba cha mbele, alikuwa anakula tambi. Alimwangalia Ugonma usoni mara moja tu, akachukua bakuli lake akaondoka.

"Ndizi tayari, mke wangu," Obi akasema bila kugeuka. "Leo kuna na kuku. Na mashuka nimefua."

"Kikombe kimeshanywewa," Ugonma akasema.

"Kikombe gani?"

"Ndugu yako kakunywea. Hongera."

Obi akazima jiko. Akageuka, mwiko mkononi.

"Nani kakwambia?"

"Hukusema si kweli, Obi. Umeuliza nani kaniambia."

"Ugo, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka miwili. Sema."

"Mama figo zimemwisha, unajua. Ananipigia simu analia. Anasema hataki kufa hajamtia machoni mke wa mwanawe wa kwanza. Wakamtafuta wao yule binti, wakaenda wao, wakatoa mahari wao. Mimi nilisema ndiyo ya mdomoni tu, nimpoze mgonjwa." Akauweka mwiko chini, akamsogelea. "Iliyooa ni picha, Ugo. Mimi si huyu hapa? Niko na wewe, nakupikia."

"Na hiyo picha nilipiga mimi. Sehemu yangu ukaikata, tena ukaikata vibaya. Vidole vyangu viko begani kwako. Na mimi nimehudhuria harusi yako, bwana."

Obi akainamisha kichwa.

"Mama alipouliza mke, mimi ulinisahau?"

"Nilikutaja. Haki ya Mungu nilikutaja. Akasema mwanamke aliyekwishaishi na mwanamume kabla wazee hawajagonga mlango kwao, akamposee kitu gani, kwani kimebaki nini."

"Wewe ndiye uliyehamia kwangu. Ulikuja na sanduku moja na kikohozi, kule kwako umeme umekatwa, unalala na koti. Hilo ulimwambia?"

Obi akakitazama kikaango.

"Nakuuliza, ulimwambia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hii miaka miwili, kwa Mwingereza ndiyo ushahidi kwamba mimi mkeo. Kwa mama yako ndiyo ushahidi kwamba mimi malaya. Na wewe umekula huku, umekula na kule."

"Usiseme hivyo."

"Ungeniambia lini?"

Obi angeweza kudanganya hapo, na uongo wenyewe ungekuwa na huruma. Lakini alikuwa amechoka.

"Jumatatu ikishapita," akasema.

Ugonma akashika ukingo wa meza. Usaliti wa Enugu ulimuuma, lakini hili la Jumatatu lilimmaliza. Kuku, mashuka, ndizi za pilipili, vyote akaviona vilivyo. Asante ya punda mateke, na huyu alikuwa hata mateke ameyapangia siku.

Obi akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, akamshika miguu, analia kama mtoto. Ugonma alitamani kumwinua. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote.

"Magoti hayo yana mtu anayestahili," akamwambia. "Yeye alipiga mbele ya kioo cha fremu, baba yake akiangalia."

Akapanda juu, akaitafuta ile picha nzima kwenye simu, wawili wamekumbatiana, wanacheka. Akamtumia Nkoli na maneno machache: "Mpe bibi harusi. Mwambie ni ya Pasaka hii. Mwambie namba yangu hii hapa."

Nkoli akajibu baada ya muda mrefu: "Mungu wangu. Ugo, nisamehe. Nilikuita ucheke." Ugonma akampigia, akamweleza yote, hadi maombi ya viza ya Jumatatu.

Obi alikwenda kulala kwa rafiki yake. Kutoka huko ujumbe ukawa unamiminika: "Ugo nakuomba. Nikirudi bila shahada na bila karatasi nitamtazama nani usoni?" Kisha: "Niandike tu. Nikishapata nitawatuma wazee wakaivunje ile ndoa." Kisha: "Umekula?" Huo wa mwisho ndio uliomliza.

Jumapili, wakati wa watu kutoka kanisani, simu ikaita. Namba ya Nigeria asiyoijua.

"Shikamoo dada. Mimi Olaedo."

"Marahaba."

"Picha nimeiona." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyejifungia mahali. "Tangu jana nilikuwa najiuliza hivyo vidole ni vya nani. Nilipokuwa nimepiga magoti vilikuwa mbele ya macho yangu. Nikamuuliza mama mkwe, akasema ni vya mpiga picha, alikuwa anamnyoosha nguo."

"Ni vyangu."

"Najua sasa."

"Samahani, mdogo wangu. Sikutaka kukuharibia siku."

"Siku ilishaliwa, dada. Watu wamekula, mama yangu amecheza mpaka viatu vimekatika." Akashusha sauti. "Nkoli anasema kesho ndiyo unamwandikia viza."

"Nilikuwa namwandikia."

"Nataka nikuombe kitu. Usimtoe."

Ugonma akadhani hakusikia sawasawa. "Unasemaje?"

"Usimtoe jina. Baba yangu hakunitoa kwa Obiajulu, hata hamjui. Alinitoa kwa mtu wa Uingereza. Sasa akirudi mikono mitupu, watasema ni mimi. Watasema kikombe changu kina mkosi, mambo yake yalikuwa mazuri mpaka alipooa. Wewe mshike tu apate karatasi. Ukimaliza unirudishie."

"Nimshike? Nilale naye kitanda kimoja, nikutunzie?"

"Si ulikuwa unalala naye?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza nauli, na hapo Ugonma akaelewa huyu mtoto amefika wapi. Umri wake alikuja kuujua baadaye, ndiyo kwanza ametimiza ishirini.

"Olaedo, mimi nampenda. Ningekuwa simpendi ningekufanyia. Sasa siwezi."

Mahali fulani nyuma ya Olaedo mwanamke akaita, "Mke wetu, uko wapi?"

"Naitwa, dada," akasema, na simu ikakatika.

Jumatatu asubuhi Ugonma alikaa mezani na chai iliyokuwa imepoa. Akarudi nyuma kwenye maombi, mpaka kwenye lile swali: je, kuna mwenza utakayeomba naye? Jibu lilikuwa Ndiyo tangu mwezi uliopita. Akakaa nalo mpaka Linh akaingia, akapasha maji, akatoka. Akafikiria kikohozi cha Obi, na lile sanduku. Akafikiria na msichana wa shanga kichwani. Kila alivyoligeuza, palikuwa na mtu wa kuumia, na kwa mara ya kwanza akaamua huyo asiwe yeye peke yake.

Akabonyeza Hapana. Jina la Obi likafutika lenyewe, mstari mzima, na anwani yao. Akatuma.

Obi aliondoka Juni kabla viza haijaisha, ili asije akafungiwa njia ya kurudi. Alikuja kuchukua sanduku. Mlangoni akasema, "Mwambie Linh nimemwachia ile sufuria," na Ugonma akasema atamwambia. Hawakuagana zaidi ya hapo.

Viza yake Ugonma ilitoka. Akaanza kazi, akahamia chumba chenye hita nzuri, akawa analala mapema kwa sababu hakuwa na wa kumsubiri. Oktoba, akiwa kwenye mapumziko ya chakula kazini, ujumbe ukaingia kutoka ile namba.

"Dada habari za siku. Alifika salama miezi ile, anauza simu dukani kwa mjomba wake. Mama mkwe bado yuko hai. Wanasema kikombe changu ni kizito, kama nilivyokwambia. Sikulaumu."

Chini yake palikuwa na picha. Sebule, kochi la kijani lenye vitambaa, na ukutani ile fremu ya dhahabu, Obi ndani yake anacheka.

"Nimemwomba mama mkwe aitoe tupige nyingine, mimi na yeye. Amekataa. Anasema mwanawe hajawahi kutoka vizuri kama hapo, anaonekana anapendwa. Kila asubuhi naifuta vumbi, na vidole vyako nafuta."

Ugonma akaikuza ile picha kwa kidole mpaka bega likajaa kioo chote. Mwenzake wa kazini akamwambia muda umekwisha, wagonjwa wanangoja. Akaitia simu mfukoni, akaenda kunawa mikono.