Kadi Nyeusi ya Éliakim

Filimbi ililia mara tatu ndani ya ukungu. Kisha watu wakaonekana: kumi na mmoja wamelala uani mwa hospitali moja ya Butembo, wamepakwa rangi nyekundu. Yalikuwa mazoezi ya maafa. Hulda, muuguzi wa chumba cha dharura, blauzi nyeupe imenyooka kwa pasi, alipita akiwafunga kadi: kijani, njano, na nyekundu kwa wa kuwahiwa kwanza. Nyeusi ilikuwa ya wafu.

Akafika kwa kijana wa shati la buluu. Éliakim, seremala wa Bungulu kule Beni, alikuwa ameagizwa abane pumzi mpaka muuguzi amwinue kidevu kufungua njia ya hewa. Hulda alimwona mzuri mno. Akasikia haya kumgusa uso, akamfunga nyeusi. Wabebaji wakamlaza ndani ya kapela, mahali pa wafu, peke yake.

Jioni Éliakim, aliyekwisha kusikia sababu, aliomba namba ya Hulda, akampigia.

"Muzuri wangu, uliniua juu ya haya?"

"Unisamehe, chéri. Chef alinigombeza mbele ya bote."

"Mule kapela nilikuwa peke yangu. Lakini mutu alipumua pembeni yangu. Pumzi ya kukwaruza, kama randa juu ya ubao mukavu."

Hulda alicheka. Éliakim hakucheka.

Kwa wiki tatu walipigiana simu kila siku. Kisha mama yake Éliakim, Berthe, akasikia habari ya kadi na ya ile pumzi.

"Huyo binti alikuhesabu na bafu, batu benye bamekufa. Sasa bale bafu banakujua. Umuache."

Simu zikanyamaza. Hulda alidhani Éliakim amepata mwingine.

Mchana mmoja Éliakim alikuja Butembo kumuaga uso kwa uso. Alimkuta mlangoni pa chumba cha dharura, glavu zimelowa damu: lori la wachuuzi kutoka Musienene lilikuwa limepinduka.

"Shika huyu mama," Hulda alisema, bila salamu.

Mwanamke aliyemwonyesha hakuwa akipumua. Muuguzi mwenzake alikwisha kutoa kadi nyeusi.

"Ngoja."

Hulda akapiga magoti, akamwinua kidevu. Kimya. Kisha pumzi ikaja, ndefu, kavu, ya kukwaruza.

Nywele zilimsimama Éliakim. "Ni hii. Hulda, ni hii nilisikia."

"Nyekundu," Hulda alimwambia mwenzake. "Mumupeleke."

Baadaye, kwenye ngazi, Hulda alivua glavu. "Ulikuja kuniambia nini?"

"Nimesahau."

Éliakim akatoa simu, akampigia mama yake Beni.

"Mama, ile pumzi haikuwa ya bafu. Ilikuwa ya mutu mwenye alikuwa bado kufika. Jumamosi nitaenda Vuhovi, kwa baba yake Hulda, kumuomba anipe binti yake. Ukatae, ulie, nitaenda. Nakuahidi."