Mbinya Hafuti Neno

"Rudi redioni useme ulikosea," Idris alimwambia kwenye simu. "Dakika mbili tu, Mbinya. Halafu tuoane kwa amani."

Mbinya aliweka patasi chini. Karakana yake ya kuchongea sanamu pale Mukuyuni ilikuwa imejaa vumbi la mbao.

"Nilikosea wapi?"

"Si ulisema baba yangu ndiye mwalimu wako? Kitui yote imesikia! Ami Bilal amewaka. Anasema umemchafua kaka yake kaburini."

"Mtangazaji aliniuliza falsafa ya kazi yangu nimeitoa wapi. Nikamtaja aliyenipa. Ulitaka nimtaje nani?"

"Mtu yeyote! Mimi nimeshawaandikia kwenye grupu ya familia kwamba ulichanganyikiwa."

"Umewaambia nini?"

"Mbinya, kama unanipenda, utakanusha."

Idris akakata simu. Walikuwa wamebakisha wiki moja kabla ya nikahi. Walipendana palepale kwenye duka la mbao la marehemu Mzee Abubakar, baba yake Idris, mjini Kitui. Mbinya alienda kununua magogo, akapata na mchumba.

Jioni ujumbe wa Idris ukaingia: "Njoo kesho nyumbani. Familia itakuwepo. Uje na jibu moja tu."

Mbinya akajibu: "Nitakuja na ukweli. Ukiona ni mzito, nisaidie kuubeba."

Kesho yake Ami Bilal hakungoja hata chai imiminwe.

"Binti, kaka yangu hakukosa swala hata moja. Leo wewe unamtangaza kuwa mwalimu wa masanamu?"

"Ami, alikuwa ananipinga. Kila nikienda dukani tulibishana. Siku moja aliniuliza, 'Mbinya, utampa macho, utampa mdomo. Roho atamtia nani?' Nilikasirika nikaenda zangu bila gogo. Chuoni nilisomeshwa falsafa ya uzuri mpaka nikachoka, lakini hakuna kitabu kilichowahi kuniuliza swali gumu hivyo."

"Ukafanya nini?"

"Tangu hapo simalizi mtu. Kila sanamu yangu ina upande nimeuacha na maganda yake, vile mti ulivyoota. Watu wanadhani ni mtindo tu. Mimi nilikuwa namjibu yeye: nachonga, siumbi."

"Akakubali?"

"Wapi! Aliniambia hadi mwisho kwamba nimepotea. Lakini hakuwahi kunifukuza."

Ami Bilal akapiga meza. "Maneno ya redioni utayafuta."

"Siyafuti."

"Basi hakuna nikahi!"

Mbinya akamgeukia mchumba wake. "Na wewe, Idris?"

Idris alikuwa anatazama zulia. "Mbinya, si ni maneno tu..."

"Ni baba yako huyo! Nikimkana leo ndio niolewe, kesho nitakukana wewe ndio nipate nini?"

Akavua pete, akaiweka kwenye sinia ya vikombe. Akainuka.

"Kaa chini, mwanangu."

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Ilikuwa ya Fahima, mama yake Idris.

"Bilal, mume wangu alikuwa anarudi jioni, hata kofia hajavua, ananiambia, 'Leo yule mchongaji amenibana. Kesho nimjibu nini?' Na anacheka! Mtu gani mwingine alimchekesha hivyo?"

"Shemeji, ulijua haya yote?"

"Nilijua. Sanamu sizitaki, na humu ndani hazitaingia. Lakini huyu msichana mmemtisha ukoo mzima na amekataa kudanganya. Mwongo nimeshamzaa mwenyewe. Sihitaji wa pili."

Idris aliinuka, uso umemwiva kwa aibu.

"Ami, hata mimi nilikuwepo dukani. Nilisikia kila kitu. Nilikuogopa wewe."

Akaichukua ile pete, akamwendea Mbinya. Mbinya akafumba kiganja.

"Bado. Waambie kwanza wale uliowaambia nimechanganyikiwa."

Idris akatoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasoma kwa sauti: "Mbinya alisema kweli. Baba alipenda kubishana naye. Mimi ndiye niliyewadanganya." Akatuma mbele ya macho yao.

Ami Bilal akainuka, akavaa viatu. "Kwenye harusi hiyo msinialike!"

"Usije," Fahima akamjibu. "Pilau tutakuletea."

Mbinya akacheka, machozi yakamtoka palepale. Akanyoosha kidole avishwe pete.

"Lakini sitaacha kuchonga, Idris. Sikia hapa mbele ya mama."

"Nimesikia."

"Na ukiona nimekosea?"

"Nitabishana na wewe."

Wiki hiyohiyo nikahi ikafungwa. Mkesha wake, mwanamke aliyekuja kupaka hina alishika mikono ya bibi harusi akasikitika.

"Ai! Makovu yote haya ya patasi! Wacha niyafunike na maua."

Mbinya akavuta mkono.

"Usiguse. Chora kandokando yake."

Fahima, aliyekuwa ameshika bakuli la hina, akalisogeza karibu.

"Fanya vile amesema."