Migongo Saba

Kila jioni, kengele ya mwisho ikishalia, Elieth ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani. Uwanja wao wa mpira wa pete pale Mkonze haukuwa na nyasi hata ya dawa. Ulikuwa udongo mwekundu, mkavu, na upepo ulipoamua kupita, wachezaji walifumba macho na kuungoja uende zake. Elieth alifagia vijiwe kwa fagio la matawi, kisha akachora mistari upya kwa majivu aliyobeba kwenye kopo kutoka jikoni kwao. Alikuwa darasa la sita, mfupi, mwenye mbio, na alikuwa nahodha. Mama yake alikuwa akimtania kwamba hata usingizini anapanga timu.

Mwalimu Yudith, aliyewafundisha mpira huo, alikuwa mtu wa taratibu. Kucha ziwe fupi, maji ya kunywa yasikose, na mtu akianguka asichekwe. Tena kulikuwa na utaratibu wa picha. Kabla ya kupiga picha ya timu, mwalimu aliuliza nani yumo na nani hayumo. Asiyependa kupigwa, au ambaye mzazi wake hakuruhusu, alikwenda kukaa na ndoo ya maji, wala hakuulizwa kwa nini. Siku ya kwanza Yasinta, mfungaji wao, ambaye jambo lisipoelezwa hakulala, aliuliza. Mwalimu akamwambia sababu ya mtu ni mali yake mwenyewe, na isitoshe ndoo nayo inahitaji mlinzi.

Mlinzi wa ndoo alikuwa Penina. Uwanjani pia alikuwa mlinzi, mlinzi wa goli, msichana mrefu mwenye mikono iliyofika popote. Alihamia shuleni hapo mwaka uliopita. Kwa muda mrefu Elieth hakujua lolote zaidi ya hilo, mpaka Jumamosi moja walipokuwa wakimenya karanga nyumbani kwa kina Elieth, Penina akaanza kusema bila kuulizwa. Kule Gulwe walikotoka, baba yake mkubwa alikuwa amekwisha kumtafutia kazi za ndani kwa watu wa mbali, na siku ya kumchukua ilikuwa imepangwa. Mama yake akamchukua kabla yao. Wakaja Mkonze, wala hawakumuaga mtu.

"Wakijua niko shule gani, watakuja," Penina alisema. "Mama anasema itabidi tuhame tena. Nikihama tena, basi, shule ndiyo imekwisha."

Elieth hakumwambia mtu, hata mama yake.

Ikafika siku ya fainali ya mashindano ya shule. Wasichana wa Miyuji walikuja na washangiliaji wao na ngoma yao, na watu wa Mkonze nao wakatoka majumbani, wengine na viti. Mchezo ulikuwa mkali. Miyuji wakifunga, Mkonze wanarudisha. Mwishoni kabisa, magoli yakiwa sawa, mfungaji wa Miyuji alirusha mpira ukielekea kuingia kwenye pete. Penina akaruka, mkono ukafika, mpira ukarudi uwanjani. Elieth akaunyaka, akampa Yasinta, na Yasinta akauweka ndani kama mtu anayeweka chumvi kwenye mboga. Filimbi ikalia. Mkonze walikuwa mabingwa kwa goli moja.

Watu wakamiminika uwanjani. Mwalimu Yudith alikuwa pembeni, upande wa pili, akimfunga bandeji mtoto wa Miyuji aliyeteguka kifundo cha mguu. Aliyewafikia wachezaji kwanza ni Bwana Stanley, baba yake Yasinta. Alifanya kazi katika ofisi moja mjini, mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa. Hata zile jezi mpya za kijani, zenye herufi za nafasi kifuani na mgongoni, ni yeye aliyewanunulia. Elieth alimwamkia, naye akaitikia marahaba huku simu imeshatangulia mbele ya uso wake.

"Jipangeni, jipangeni. Huyu mrefu akae katikati, ndiye shujaa wa leo," alisema. "Unaitwa nani, mwanangu? Taja jina na shule, niwarushe sasa hivi mubashara, hadi Mwanza wawaone."

Tabasamu la Penina likazimika. Aliitazama ndoo ya maji, lakini ilikuwa mbali, na katikati watu walijaa. Akina mama walimsukuma taratibu kwa upendo, nenda mwanangu, nenda, mpaka akajikuta katikati. Aliinua mkono kuuficha uso, kisha akaushusha. Mtu mzima umeshamwamkia, unamkatalia vipi?

Elieth akasogea akasimama mbele ya simu. Alifungua mdomo, na maneno aliyoyategemea hayakuwepo. Likatoka lililokuwa karibu.

"Shikamoo, baba."

"Umeshaniamkia, mwanangu. Sogea."

Watu wakacheka. Elieth masikio yalimwaka moto, lakini miguu haikusogea.

"Naomba usipige kwanza. Tumsubiri mwalimu."

"Mimi na mwalimu wenu lugha yetu moja. Sogea, jua linatukimbia." Bwana Stanley alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka. "Hiyo jezi uliyovaa, unajua ilikotoka?"

"Najua, baba. Asante sana. Lakini naomba usipige."

Kijana mmoja nyuma akasema Spika kasimamisha kikao, na kicheko kikapita uwanja mzima. Mama mmoja akaguna kwamba watoto wa siku hizi wakipewa ukubwa kidogo tu, wanawapanda wazazi kichwani. Ndipo Elieth aliposikia sauti anayoifahamu kuliko zote. Ilikuwa ya chini, ile ya kanisani.

"Elieth. Mpishe baba yako."

Alimtazama mama yake. Alitamani amkimbilie amnong'oneze yote. Lakini angeanzaje? Akitaja tu kwamba Penina hatakiwi kuonekana, hapohapo watu wote watamgeukia Penina na kuuliza kwa nini, na ile simu inasikiliza. Akawageukia wenzake.

"Geukeni," alisema.

"Nini?" Yasinta aliuliza.

"Wote. Geukeni, tushikane mabega."

Yasinta alimwangalia baba yake, akamwangalia Penina, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Hakuwahi maishani mwake kumpa baba yake mgongo akiwa anazungumza. Kisha, pole pole, akageuka. Wa pili naye akageuka, na wa tatu, mpaka wote wakawa wametazama upande wa goli, mikono mabegani mwa wenzao. Elieth akaingia pembeni mwa Penina, akageuka wa mwisho.

Uwanja ukanyamaza. Kumgeuzia mtu mzima mgongo si jambo dogo. Katika ule ukimya, simu ikasikika ikilia *kacha*. Bwana Stanley alikuwa ameibonyeza kwa hasira.

Mwalimu Yudith alifika akihema, bandeji iliyobaki bado iko mkononi. Bwana Stanley alimweleza yote: kwamba amedharauliwa mbele za watu, kwamba mtoto wake mwenyewe kamgeuzia kisogo, na kwamba kama hayo ndiyo malezi ya timu, nahodha huyu hafai. Elieth alisikia kila neno akiwa bado ametazama goli. Kumbe machozi yanaweza kutoka bila mtu kulia.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Bwana Stanley," alisema, "huyu mtoto amefanya kazi yangu mimi nikiwa sipo."

Akaeleza, kwa sauti ambayo wazazi wote waliisikia, kwamba jina na sura na shule vikiwekwa pamoja, mtu yeyote anajua mtoto huyo atampata wapi na saa ngapi. Waliosimama pale uwanjani walikuwa watu wema, hilo hakulipinga. Ila picha ikishatumwa, hakuna ajuaye itaishia mkononi mwa nani. Wapo watoto ambao picha moja tu inaweza kuwahamisha nyumba na kuwakatisha masomo.

"Kwa hiyo yumo mmoja hapa?" Bwana Stanley aliuliza, sauti imeshuka. "Nani?"

"Hilo sikuambii. Na wewe, nakuomba, usilitafute."

Bwana Stanley aliishusha simu yake. Akasema yeye alitaka tu watoto wasifiwe.

"Na wasifiwe," mwalimu akajibu. "Tena sana."

Bahati nzuri alikuwa hajarusha kitu. Wakainamia simu pamoja, wakafuta picha za mchezo zilizoonyesha nyuso, moja baada ya nyingine, hadi kwenye pipa la taka la simu. Ikabaki moja. Migongo saba ya kijani, mikono imepishana mabegani, vumbi jekundu limewazunguka kama moshi, na jua la jioni limezikalia zile herufi. Hakukuwa na uso, wala jina, wala ubao wa shule. Bwana Stanley aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena.

"Nilibonyeza kwa hasira," alisema, kama anayejishangaa. "Na hii ndiyo nzuri kuliko zote."

Mwalimu aliwaita wachezaji waione, akamuuliza kila mmoja peke yake kama anakubali itumwe kwenye grupu la wazazi. Penina aliulizwa wa mwisho.

"Nakubali, mwalimu. Lakini mama bado."

Basi picha ikangoja. Bwana Stanley, ambaye nusu saa kabla hakuweza kumsubiri mwalimu avuke uwanja, aliiweka simu mfukoni akasema atasubiri hadi wazazi wote wakubali.

Mama yake Elieth alirudi naye nyumbani hadi mlangoni. Hapo akamshika binti yake bega, akamgeuza.

"Nilikuambia umpishe. Nilikosea, mama yangu," alisema. Alikuwa akimwita hivyo akiwa na mapenzi tele. "Ulikuwa unajua ni mtoto gani?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Halikuwa langu kusema, mama."

Mama yake aliitikia kwa kichwa. "Sikiliza. Kuamkia wakubwa usiache. Kupokea mizigo yao, kuwapisha kiti, usiache. Lakini heshima si kumtoa mwenzako ili mkubwa afurahi. Mkubwa akitaka kitu kitakachomuumiza mtoto, hata kama ni mimi, unasema hapana kwa adabu, kisha unamwita mtu mzima mwingine. Kama leo ulivyotaka asubiriwe mwalimu."

Jumatatu mama yake Penina alikuja shuleni. Mwalimu Yudith alimwonyesha picha bila kumwambia ni yupi. Yule mama akaweka kidole moja kwa moja penye GK, herufi za mlinzi wa goli.

"Huyu. Nilimbeba mgongoni miaka ile yote," alisema, akacheka huku anajifuta macho. "Leo nami naona wake." Akakubali itumwe, na akaomba apewe nakala, kwa sababu hakuwa na picha hata moja ya mwanawe akicheza.

Picha ilipoingia kwenye grupu, mama yake Elieth aliifanya ya kwanza kuonekana kila anapowasha simu. Alikuwa akiuza mboga sokoni, na wateja hawakuondoka bila kuonyeshwa. Elieth alikuwa akimsaidia kufunga mafungu ya mlenda siku mteja mmoja alipoishika ile simu, akauliza mtoto wake ni yupi.

"Huyo mfupi, mwenye C."

"Sasa mbona uso hauonekani?"

"Uso wake naujua," mama akasema, akimpa yule mteja fungu lake. "Ninachojivunia ni huo mgongo."