Sauti Nyuma ya Remorke

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Kaoutar, lakini Kaoutar alikuwa hajafungua kinywa.

"Zinawaka!"

Alikuwa amesimama nyuma ya remorke, tela la kuvutwa na gari, mtoto mgongoni, akizitazama taa mbili za breki. Zilikuwa giza tupu. Mbele, ndani ya pikapu, mumewe Rachid, fundi wa magari, alikanyaga breki akingoja jibu, maana kazi ile haitaki mtu mmoja: mmoja hukanyaga, mwingine huangalia.

Rachid alishuka, akaja nyuma, akaona giza.

"Mama Nour, unanitania?"

"Si mimi niliyejibu."

"Ni nani basi, Nour? Ameanza kusema leo?" Alijaribu kucheka, cheko likamfia mdomoni. Hakuwa amecheka tangu Modeste afe.

Modeste alikuwa muuza mawese wa Gitaza. Siku aliyokufa, Jean Bosco, dereva wa pikapu, alikuwa akiivuta remorke hii hii ikiwa imejaa samaki kwenda Bujumbura. Mlimani Modeste, juu ya baiskeli yake, alishika nyuma ya remorke kwa mkono mmoja, kama wafanyavyo watu wa baiskeli katika barabara ya ziwa, ili gari limvute yeye na madumu yake. Wanaoshika hivyo macho yao huwa kwenye taa ya breki. Ikiwaka, wanaachia. Jean Bosco alifunga breki ghafla kumkwepa mbuzi. Taa haikuwaka. Modeste hakuachia.

Rumonge nzima ilisema Rachid, aliyezitengeneza taa zile, alifanya kazi ya ovyo. Hakubisha. Wakati wa kula aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Naye Jean Bosco, badala ya kumtukana, aliirudisha remorke palepale kwake. "Fundi wangu ni wewe, ndugu. Tutengeneze tena." Wema ule ulimchoma Kaoutar kuliko tusi.

Kwa sababu jioni ya kuamkia ajali, aliyesimama nyuma alikuwa yeye. Nour alikuwa amejiviringisha kwenye mkeka hadi karibu na beseni la maji, na Kaoutar akamkimbilia. Rachid akaita kutoka mbele, "Zinawaka?" Naye, macho yake yote kwa mtoto, akapaza sauti, "Zinawaka!"

Hakuwa amezitazama. Na hakumwambia mtu.

Sasa Rachid alibadilisha balbu. Alisugua kutu chini ya skrubu ya waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Taa ziliwaka, zikazima, zikawaka, zikazima.

"Nachomoa plagi, nianze upya," alisema. Akaitenganisha remorke na gari, akailaza plagi juu ya jiwe.

Ndipo ikaja harufu ya mawese mabichi, nzito, kama mtu amemwaga dumu zima miguuni pao, na ile sauti ya Kaoutar ikasema tena, polepole, karibu na sikio lake, "Zinawaka," na taa za remorke, ambayo haikuwa imeunganishwa na gari wala betri wala kitu chochote chini ya mbingu, zikawaka nyekundu, na katika wekundu ule chuma cha nyuma kikashuka kidogo, kikakaa chini, kama kinavyoshuka mtu anapokishika kwa mkono mmoja akiulaza uzito wake wote.

"Usigeuke," Rachid alinong'ona. "Mshike mtoto."

Walimwita Hadji, mzee anayesoma dua katika nyumba za mtaa wao. Alisoma akizunguka remorke, maji ya kisomo mkononi, kisha akasimama kabla hajamaliza.

"Jini hili halikutumwa," alisema, bila kumtazama yeyote. "Limekuta neno limeachwa barabarani, halina mwenyewe, likalivaa. Mimi siwezi kulivua. Mwenye neno alifuate pale lilipoangukia."

Kesho yake Kaoutar alimwomba mumewe wakatoe rambirambi Gitaza.

Domitille, mjane wa Modeste, aliwakaribisha ndani jua likikaribia kuzama. Nje, vitanda vya kuanikia ndagala, visamaki vya ziwa, vilikuwa vimeshafunikwa. Aliona jasho la Kaoutar, akampa maji kabla ya kuuliza habari, akamfungua Nour mgongoni mwa mama yake akamlaza mapajani mwake mwenyewe.

"Pumzika, mama. Umechoka."

Hapo Kaoutar alishindwa kuzuia.

"Rachid aliniuliza, nikajibu zinawaka. Sikuangalia, Domitille. Nilikuwa namkimbilia huyu. Kosa ni langu. Mikono ya mume wangu haina kosa."

Rachid aliinamisha kichwa, akaikutanisha mikono yake taratibu, akaishika, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kwa muda mrefu hakumtazama mkewe. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na cha Kaoutar.

Domitille alilia bila sauti, huku akimpapasa mtoto.

"Nilijua una jambo," alisema hatimaye. "Murakoze kwa kuingia leo. Kila magharibi unasimama pale nje, unasema, zinawaka, zinawaka. Nakwambia karibu, huingii. Nikaona ni aibu, nikawa nakuwekea uji mlangoni. Asubuhi nakuta bakuli tupu."

Kaoutar aliweka chini kikombe cha maji.

"Domitille," alinong'ona. "Mimi sijawahi kufika hapa."

Wote watatu waliutazama mlango. Harufu ya mawese ilipita chini yake, ikajaa chumba, ikawaziba pua na koo, na nje, pale pale kizingitini, kwa sauti ya Kaoutar, tamu kama ya mama anayemtafuta mwanawe, kitu kikasema, "Hodi."

Hakuna aliyeitikia ila Nour. Aliamka mapajani mwa Domitille, akampita mama yake kwa macho kama hamjui, akaugeukia mlango akitabasamu, akanyoosha mikono yote miwili abebwe.