Mbwa wa Mfuga Nyuki

Kila asubuhi Noela alifagia uwanja, akachota maji bombani na kumwamkia baba yake, Hironimus, kabla ya kwenda shule mjini Songea. Wiki moja ya mwaka 1996 aliongezewa kazi aliyoipenda: kumwandalia maji ya kuoga mama yake mdogo, Mwalimu Theodosia, aliyekuja kutoka Chuo Kikuu.

Theodosia alikuwa amefundisha miaka kumi na miwili kabla ya kurudi darasani kusomea shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha. Hironimus, ambaye, kama nusu ya mji, alikuwa ameanza kuuza mitumba, hakuona sababu.

"Shemeji, wenzako wanafungua maduka," alimwambia. "Wewe unafungua madaftari."

Theodosia alimjibu kwa utulivu kwamba mwenye shahada hiyo huweza kufundisha walimu vyuoni, kuandika vitabu vya shule, kutunga mitihani, kukagua shule au kuwafundisha wageni Kiswahili. Hironimus akasema kazi zote hizo zinahitaji miwani. Noela hakuwahi kumwona mtu akijibu dhihaka bila kupandisha sauti, akatamani kuwa kama yeye.

Mwalimu alikuwa akichunguza jinsi watoto wanaozungumza Kingoni, Kimatengo au Kiyao nyumbani wanavyoelewa habari iliyoandikwa kwa Kiswahili. Alhamisi angewapa wanafunzi wa darasa la sita, darasa la Noela, habari wasiyoijua, waisome, wairudishe, kisha kila mmoja aiandike kwa maneno yake. Jumamosi angepanda basi la Dar es Salaam. Bila karatasi hizo hakuwa na utafiti, na bila utafiti hakuwa na shahada.

Jumatano Noela aliiona habari hiyo mezani. Ilimhusu mwanamke mfuga nyuki wa Namtumbo. Aliisoma mara mbili. Kwao mgeni hapikiwi mahindi yaliyobunguliwa na fukusi, sembuse mgeni wa Chuo Kikuu? Akaenda bombani kuwasimulia wenzake habari hiyo, na Tadei, kiranja wa darasa, akawakaririsha.

"Asije akasema Songea hatujui kitu," Tadei alisema. "Na wewe Daimu uliyetoka Tunduru juzi, usituaibishe."

Alhamisi wanafunzi thelathini na wanane waliandika kwa kasi ya makarani.

Jioni Theodosia alisoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi, kisha akaziweka chini. Alimweleza Hironimus kwamba hakuna aliyekosea, ila wote thelathini na wanane walimsahau mbwa aliyeokoa mizinga ya yule mwanamke. Watoto wengi hivyo hawawezi kusahau mbwa mmoja kwa bahati. Angemwandikia msimamizi wake kwamba kazi imeshindikana.

"Wewe peleka tu," alisema Hironimus. "Nani atajua?"

"Mimi."

Noela alikuwa amesimama mlangoni na sinia la viazi. Akaliweka chini.

"Mama mdogo, mimi ndiye niliyemsahau mbwa."

Alieleza yote. Theodosia hakumkemea. Alimtaka ayarudie maneno hayo asubuhi mbele ya darasa, na Noela akayarudia. Mwalimu mkuu akatoa kipindi kimoja, na Theodosia akaleta habari nyingine. Safari hii makosa yalikuwa ya kutosha chuo kizima. Tadei alimzika mtu ambaye katika habari alikuwa na mafua tu. Daimu alikosea mara mbili, akawa wa kwanza.

Jumamosi, kituoni, Theodosia alimshika Noela bega.

"Ukipelekwa hospitali ya Peramiho, humfichi daktari kikohozi ili kumheshimu," alisema. "Akikuona mzima, atakurudisha nyumbani na ugonjwa wako. Nami ni hivyo hivyo. Makosa yenu ndiyo yatakayonifundisha namna ya kuwafundisha walimu wenu. Mgeni mpe chakula kizuri, mwanangu, lakini anayekuja kujifunza mpe ukweli, hata kama una fukusi."

Utingo alinyanyua bahasha kubwa yenye karatasi za wanafunzi ili airushe juu ya basi pamoja na magunia. Hironimus akamshika mkono.

"Hiyo inakaa ndani," alisema. "Ni kazi ya shemeji yangu."